Ripoti ya eko inasema "kigezo cha Jenni kimetimia". Huu ni ugonjwa au ni umbo tu la moyo?

#1 Mti_Mkavu
Wakuu, salaam. Nina mdogo wangu wa miaka 24, mkimbiaji wa mbio ndefu, hajawahi kulazwa tangu azaliwe. Mwezi uliopita alizimia siku ya mashindano. Kapimwa presha, sukari, damu, ECG, vyote safi. Wakasema apige eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kwa tahadhari tu. Ripoti nainakili kama ilivyo: "Ventrikali ya kushoto ina trabekula nyingi kwenye ncha na ukuta wa pembeni. Uwiano 2.2. Kigezo cha Jenni kimetimia. EF 56%. Fikiria LVNC."

Daktari wa kwanza kasema ni ugonjwa adimu wa misuli ya moyo, kazaliwa nao, aache mazoezi leo hii. Wa pili kaangalia picha zilezile, akasema moyo mzima, ndivyo ilivyo mioyo ya wakimbiaji. Inakuwaje picha moja itoe ugonjwa kwa huyu na isiutoe kwa yule? Na hiyo jeni waliipima saa ngapi, maana kwenye eko hakuna aliyemchoma sindano?

#2 Domo_Zege
Wanapima jeni kwa kupaka jeli kifuani? Wenzetu wamefika mbali, sisi bado tunapigapiga rimoti mgongoni ili iwake.

#3 Fundi_wa_Eko
Mkuu Mti_Mkavu, pole. Jenni si jeni. Ni jina la mtu, Rolf Jenni, daktari wa moyo wa Zürich. Mwaka 2001 yeye na wenzake waliweka kigezo cha kuutambua ugonjwa huu kwa eko, wakilinganisha picha na mioyo yenyewe ilipopasuliwa. Hakuna aliyempima mdogo wako jeni yoyote. Na EF ni asilimia ya damu ambayo ventrikali ya kushoto, chumba kikuu cha kusukuma damu, hutoa kwa kila pigo.

Mimi napiga eko kila siku, ngoja nikueleze nilivyozoea kuwaeleza wagonjwa. Ukuta wa ventrikali ya kushoto una tabaka mbili. La nje limeshikana kama ubao. La ndani lina vinyuzi na vijiti vya msuli vinavyopishana, hivyo ndivyo trabekula, na katikati yake kuna vishimo. Kila moyo unavyo. Kwa wenye LVNC, yaani ventrikali ya kushoto isiyoshikana, tabaka la ndani ni nene kupita kiasi, limejaa mapango kama sifongo, na la nje limekonda. Kigezo cha Jenni kinasema hivi: moyo ukiwa umebana kabisa, pima tabaka la sifongo, gawanya kwa lile lililoshikana. Ikizidi 2, kigezo kimetimia. Ila kuna masharti mengine ambayo watu huyaruka: mapango yawe yanaingiza damu kutoka ndani ya chumba, uione kwa dopla, zile rangi zinazoonyesha damu inavyotembea, na pasiwe na kasoro nyingine ya moyo inayoeleza hali hiyo.

Sasa swali langu ni moja, na kwangu lina uzito kuliko hiyo 2.2. Alizimia miguu ikiwa bado inakimbia, au alikuwa ameshasimama?

#4 Mti_Mkavu
Ahsante sana Fundi. Aisee, nimewatangazia ukoo mzima kwamba tuna jeni. Alizimia kwenye mita za mwisho, ndivyo nilivyoambiwa. Mimi sikuwepo.

#5 Nusu_Daktari
Mwanafunzi wa udaktari hapa, mwaka wa nne. Kwa kifupi, hii ni kasoro ya tumboni mwa mama. Mwanzoni moyo wa kijusi wote ni sifongo, kwa sababu mishipa yake ya damu bado haijajengeka na msuli unalishwa na damu inayopita kwenye mapango. Kati ya wiki ya 5 na ya 8 sifongo hilo hushikana, kuanzia shina la moyo kuelekea ncha, na kuanzia nje kuja ndani. Kazi hiyo ikikatika njiani, unazaliwa na LVNC. Ndiyo maana kasoro huonekana zaidi kwenye ncha, ambako kazi humalizikia. Na uwiano unaotakiwa ni 2.3, kwa hiyo 2.2 ya mdogo wako haijafika. Hana ugonjwa.

#6 Fundi_wa_Eko
Nusu_Daktari, hapo mwisho umechanganya madawa. Hiyo 2.3 ni ya MRI, picha ya mashine ya sumaku, ni kazi ya Petersen na wenzake wa Oxford mwaka 2005, na hupimwa moyo ukiwa umejaa na umelegea. Ya Jenni ni 2, kwa eko, moyo ukiwa umebana. Na kabla yao kuna Chin, 1990, aliyeeleza wagonjwa 8 tu kwa kipimo chake tofauti kabisa. Ukichukua namba ya rula hii ukaisoma kwenye rula ile, unaweza kumpa mtu ugonjwa au kumpokonya.

#7 Nusu_Daktari
Nimekubali. Jina langu linajieleza.

#8 Betri_Kifuani
Nasoma uzi huu nikiwa na kifaa cha kuushtua moyo chini ya ngozi ya bega, kwa hiyo nitasema kwa ukali kidogo. Nina LVNC. Niligundulika nina miaka 37, EF ilikuwa 28%, napanda ngazi napumzika mara tatu. Miaka saba kabla ya hapo niliwahi kupigwa eko, wakaandika moyo umetanuka, sababu haijulikani. Picha zile za zamani zilipoangaliwa upya, mapango yalikuwepo tangu wakati huo. Hakuna aliyeyaona kwa sababu hakuna aliyekuwa akiyatafuta.

Kwetu walipima jeni kwelikweli, kwa damu, wakakuta MYH7 ina hitilafu. Dada yangu anayo, binti yake anayo. Kaka yangu hana. Ukiwa nayo, kila mtoto wako ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Kwa hiyo anayemwambia Mti_Mkavu "ni umbo tu" akiwa kwenye kiti chake cha mapumziko, afikirie kwanza. Kifaa hiki kimeshanishtua mara mbili. Ukipigwa ndipo utajua kama ni umbo.

#9 Kinyozi_Mkuu
Pole Betri. Lakini lazima mtu aseme upande wa pili. Ugonjwa huu ulipoanza kuandikwa ulikuwa adimu sana, Zürich waliukuta kwa asilimia 0.014 ya eko walizopiga. Leo kila mashine mpya inauona kila kona. Kuna utafiti wa Marekani walipiga MRI watu 323 wasio na ugonjwa wa moyo, wakawapimia hiyo 2.3. Asilimia 43 walivuka angalau sehemu moja ya moyo. Karibu nusu ya watu wazima wasio na shida! Kigezo kinachokamata karibu nusu ya watu wazima kina walakini, bwana.

#10 Domo_Zege
Maana yake humu ndani tuko kama kumi, wanne tuna sifongo. Wajitokeze wenyewe.

#11 Mama_Mapacha
Mimi niko kwenye hao wanne. Mimba yangu ya kwanza, wiki ya 30, nilikuwa nahema, wakanipiga eko wakaandika LVNC. Nililia wiki nzima, nikaambiwa nisizae tena. Mwaka na nusu baada ya kujifungua, eko ileile, hospitali ileile, trabekula zimepungua hadi mpimaji akadhani kakosea faili. Halafu nikazaa mapacha. Ugonjwa wa kuzaliwa nao unapotea vipi?

#12 Bi_Mtulivu
Mama_Mapacha, hukosei. London waliwafuatilia wajawazito 102 wa mimba ya kwanza ambao mwanzoni hawakuwa na trabekula za kuzidi. Robo yao zikaongezeka mimba ilivyokua. Baada ya kujifungua wengi zikarudi. Kundi hilohilo la watafiti liliangalia wanamichezo 1,146, asilimia 18 walikuwa na trabekula nyingi, ukilinganisha na 7 kwa wasio wanamichezo. Na wagonjwa wa selimundu nao wamekutwa nazo kwa wingi. Hawa wote wana kitu kimoja: moyo unapokea damu nyingi kuliko kawaida, muda mrefu. Mimi nasema ni mzigo. Moyo ukijazwa sana, vinyuzi vya ndani vinatanuka na kuonekana. Mkimbiaji wa miaka 24 anaingia humo moja kwa moja.

#13 Nusu_Daktari
Lakini mzigo unaweza kuonyesha kilichokuwepo tangu awali, si lazima uwe umekizaa.

#14 Bi_Mtulivu
Sawa, thibitisha.

#15 Nusu_Daktari
Wewe kwanza.

#16 Mzee_wa_Pembeni
Vijana, taratibu. Mjukuu wangu huyu Nusu_Daktari kaeleza vizuri habari ya kijusi, ila habari hiyo yenyewe ina wapinzani. Akina Bjarke Jensen wa Amsterdam wamepima mioyo ya vijusi, wanasema sifongo huwa halishikani kugeuka ukuta. Tabaka lililoshikana hukua lenyewe, kwa kasi kubwa, na sifongo hukua kwa kasi yake, polepole. Kwa hiyo uwiano hushuka bila chochote "kubanwa". Kama wako sahihi, jina zima la ugonjwa limejengwa juu ya jambo lisilotokea.

Tena wanawatazama wanyama. Samaki wengi na mijusi wana moyo wa sifongo maisha yao yote, na unasukuma damu vizuri tu.

#17 Domo_Zege
Mzee, mtu kaja na mdogo wake kazimia, wewe unamletea mjusi.

#18 Mzee_wa_Pembeni
Mjusi hajawahi kuzimia mbele yangu. Na Leonardo da Vinci alizichora hizo trabekula karne tano zilizopita, akadhani kazi yake ni kupasha damu joto. Alikosea, ila angalau hakumsimamisha mtu mazoezi.

#19 Mama_Barth
Habari zenu. Mimi huwa nasoma tu, leo nimeshindwa kunyamaza. Nyuzi kama hizi zikifika "ni umbo tu la moyo" huwa naumia. Mwanangu alipata moyo kushindwa kazi akiwa na miezi minne. Uzito haupandi, shingo haikazi, kila mwezi maambukizi mapya. Wengine walitibu nimonia, wengine walinilaumu simnyonyeshi vizuri. Eko ilionyesha sifongo. Ilichukua karibu miaka mitatu hadi daktari mmoja alipounganisha vitu vitatu: moyo huo, misuli mlegevu, na chembe nyeupe aina ya neutrofili zinazoshuka na kupanda. Akasema hii ni sindromu ya Barth.

Jina linatokana na Peter Barth, daktari wa Uholanzi aliyeeleza familia moja mwaka 1983. Jeni yake inaitwa TAFAZZIN, zamani TAZ, iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo wanaougua ni karibu wote wavulana na kwa kawaida mama ndiye mbebaji. Inaharibu kadiolipini, mafuta yaliyomo kwenye mitokondria, na seli ya moyo inakosa nguvu. Kwa hiyo msiniambie habari za mzigo. Mtoto wa miezi minne alikimbia mbio zipi?

#20 Bi_Mtulivu
Dada, nisamehe. Sikuwa nazungumzia watoto. Mwanao anaendeleaje?

#21 Mama_Barth
Ana miaka 9. EF imepanda hadi 48, anachoka haraka, anabishana sana. Ahsante kwa kuuliza.

#22 Kinyozi_Mkuu
Hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Moyo wa mtoto wa Mama_Barth, wa Betri, wa Mama_Mapacha na wa mkimbiaji, yote imepewa jina moja kwa sababu kwenye picha inafanana. Ni sawa na kusema kikohozi ni ugonjwa mmoja. Hata wakubwa wenyewe wamegawanyika: Wamarekani mwaka 2006 waliiweka kwenye kadiomayopathi (magonjwa ya misuli ya moyo) za kurithi, Wazungu wa Ulaya mwaka 2008 wakaiweka kwenye zisizo na kundi, na mwongozo wao wa 2023 ukaitoa kabisa kwenye orodha ya kadiomayopathi. Sasa wanapendekeza itajwe kama wingi wa trabekula, dalili tu inayoweza kuambatana na ugonjwa mwingine au isiambatane na chochote.

#23 Betri_Kifuani
Wameitoa kwenye orodha, kwangu haijatoka.

#24 Shuka_Jeupe
Nina kisa ambacho hakijaguswa. Shangazi yangu alipata kiharusi akiwa na miaka 41, presha safi, sukari safi. Waliposaka chanzo wakapiga eko na dawa ya kung'arisha, ile inayochomwa kwenye mshipa ili mapango yaonekane. Wakakuta ncha imejaa vishimo, na kwenye kimoja kuna bonge la damu. EF 30. Damu ikituama kwenye hayo mapango huku moyo unasukuma kwa unyonge, inaganda, kipande kinachomoka kinaenda kichwani. Yuko kwenye warfarini sasa, dawa ya kuzuia damu kuganda. Je, mdogo wake Mti_Mkavu naye aanze?

#25 Fundi_wa_Eko
Dawa ni jambo la daktari wake, ila elewa mantiki. Hatari ya bonge inapanda moyo ukiwa dhaifu, mapigo ya atria, vyumba vya juu vya moyo, yakiwa ovyo, au kama limeshawahi kutokea. Mwenye EF 56 na mapigo yaliyotulia hayuko kwenye kiti cha shangazi yako. Pole zake, na nimefurahi umetaja dawa ya kung'arisha. Nusu ya ugomvi wa ripoti hizi unatokana na ncha isiyoonekana vizuri. Pembe ya kichwa cha mashine ikikosewa kidogo, ukuta unakatwa mshazari na uwiano unavimba. Mimi mwenyewe nimewahi kupima 2.4 asubuhi, nikampima tena mtu yuleyule mchana nikapata 1.8. Sikujisifia.

#26 Kinyozi_Mkuu
Hatimaye mtu wa mashine kasema ukweli.

#27 Bi_Mtulivu
Kuna jingine ambalo kwa wengi wetu humu lina maana. Mwaka 2008 huko London waliwapima watu 60 wazima kwa vigezo vitatu vya eko, nusu yao wakiwa weusi. Watano walitimiza angalau kimoja, na wanne kati ya hao watano walikuwa weusi. Vigezo vilitungwa kwa mioyo ya wagonjwa wachache wa Ulaya na Marekani, halafu vikawekwa vifuani kwa kila mtu.

#28 Betri_Kifuani
Na ndiyo maana mweusi mwenye ugonjwa wa kweli anaambiwa "nyie mko hivyo". Inakata pande zote mbili, dada.

#29 Bi_Mtulivu
Hilo nalibeba. Sina jibu.

#30 Mti_Mkavu
Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya. Mambo matatu.

La kwanza, nimepata video ya mashindano. Kumbe alishavuka mstari. Anasimama, anashika magoti, anageuka kama anamtafuta mtu, ndipo anaporomoka. Kama sekunde kumi na tano hivi baada ya kusimama. Aliyeniambia "mita za mwisho" alikuwa upande wa pili wa uwanja.

La pili, daktari wa tatu kasema familia ya karibu tupigwe eko na ECG. Mimi sina kitu. Mama, miaka 58, anazo trabekula nyingi ncha na pembeni, mahali palepale kama za mdogo wangu. EF yake 62, hajawahi kuugua moyo, anafua mashuka kwa mkono.

La tatu, babu mzaa mama alifariki ghafla usingizini kabla sijazaliwa. Mama anasema alikuwa na miaka arobaini na kitu. Hakuna aliyempasua kujua.

#31 Fundi_wa_Eko
Hiyo video mpelekee daktari, usimsimulie. Mkimbiaji akisimama ghafla damu hubaki miguuni na presha hushuka, wengi huanguka hivyo na moyo wao hauna neno. Kuzimia huku mtu anakimbia ndiko kunakotutisha zaidi. Video imenipunguzia hofu. Babu kanirudishia.

#32 Kinyozi_Mkuu
Mama wa miaka 58 mwenye EF 62 ndiye jibu. Ni umbo la familia, kama pua.

#33 Betri_Kifuani
Au ndiye aliyerithisha. Mama yetu naye eko yake ilikuwa safi hadi alipofika miaka 60. Jeni moja, ndani ya nyumba moja, mmoja anapandikizwa moyo na mwingine anafua mashuka. Mkuu, ulizia kipimo cha jeni kwa mdogo wako, na holta ya saa 24 au zaidi, inayorekodi mapigo hata akiwa amelala. Babu alifia usingizini.

#34 Nusu_Daktari
Naongezea: MRI yenye gadolinia, dawa inayochomwa ili kovu lionekane. Mimi ningetazama zaidi kama kuna kovu ndani ya msuli kuliko huo uwiano. Ukuta usio na kovu na unaobana vizuri unatia moyo. Safari hii nimehakiki kabla ya kuandika.

#35 Mama_Barth
Na majibu ya jeni yakirudi "hakuna kilichoonekana", msidhani ndiyo mwisho. Kuna familia nyingi zina ugonjwa dhahiri na jeni haijapatikana. Pia yanaweza kurudi "badiliko lenye maana isiyojulikana". Hilo ni gumu zaidi kukaa nalo kuliko ndiyo au hapana.

#36 Domo_Zege
Subirini kwanza. Kama mama anazo, mtoto anazo, na babu tunamshuku, si ina maana Jenni alikuwa jeni tangu mwanzo?

#37 Fundi_wa_Eko
Domo, nimekaa dakika tano natafuta namna ya kukubishia.

#38 Mzee_wa_Pembeni
Andika kwa daftari, Domo_Zege kapatia kitu.

#39 Mti_Mkavu
Mama kacheka hadi machozi nilipomsomea #36. Holta kavuliwa jana, wanasoma. MRI ni Alhamisi saa mbili asubuhi. Mdogo wangu anauliza kama anaruhusiwa kutembea hadi huko au nimbebe.